Kununua nyumba ya kupangisha pamoja na mbia: kwa nini "nusu kwa nusu" haitoshi

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, salamu. Kwa miaka tisa nilimiliki jengo lenye nyumba sita za kupangisha pamoja na rafiki yangu wa tangu utotoni, na mwaka jana tuligawana, kila mtu akashika njia yake. Hatukufikishana mahakamani wala hatukutupiana maneno makali, lakini mazungumzo ya jioni tuliyoyazoea hayapo tena, na hilo linaniuma kuliko fedha. Ninaandika uzi huu kwa ajili ya yeyote aliyekaa na mwenzake wakapiga hesabu ya nyumba kwenye karatasi, wakaona inalipa, na sasa wanajiandaa kuinunua.

Mkataba wetu wote ulikuwa maneno matatu: nusu kwa nusu. Mwenzangu alitoa robo tatu ya fedha taslimu zilizohitajika. Mimi nilitoa robo iliyobaki, nikaweka jina langu kwenye mkopo wa benki sambamba na lake, na kwa kuwa nilikuwa naishi karibu na jengo, nikabeba usimamizi wote: kutafuta wapangaji, kukusanya pango, kuita mafundi, kufuatilia mita za umeme na maji. Tuliona kwamba fedha zake za ziada na jasho langu vinalingana, tukapeana mikono.

Kwa miaka miwili vililingana kweli. Kisha wapangaji wakatulia, simu za usiku zikapungua, na mwenzangu akaanza kujiuliza kwa nini ninachukua nusu ya faida kwa kazi ya siku mbili kwa mwezi. Hakulisema hilo, lakini alianza kudai risiti za vitu vidogo, nami nikajihisi kama mtuhumiwa. Mwaka wa tano mabomba ya maji ya jengo zima yakaoza. Kwa miezi minne nilishinda pale karibu kila siku, nikiacha shughuli zangu nyingine, na mwisho wa mwaka tukagawana kilichobaki nusu kwa nusu kama kawaida. Safari hiyo aliyenung'unika moyoni nilikuwa mimi. Nikiangalia nyuma, sioni mahali ambapo mmoja wetu alimdhulumu mwenzake. Kosa letu lilikuwa kwamba tulifunga vitu vitatu katika furushi moja, tukaliwekea bei moja, na bei hiyo tukaiacha isimame kwa miaka tisa ilhali vitu vyenyewe vilikuwa vikibadilika kila mwaka.

Vitu hivyo ni mtaji, kazi na dhamana ya deni. Mtaji hutolewa mara moja, na haki yake ni sehemu ya umiliki inayodumu hadi nyumba itakapouzwa. Kazi hufanyika mwezi kwa mwezi, huongezeka na kupungua, na anayeifanya leo huenda asiweze kuifanya kesho kwa sababu ya ugonjwa, uhamisho au uchovu. Kwa hiyo malipo yake hayapaswi kuwa umiliki wa kudumu, bali ujira unaolipwa kazi inapofanyika. Dhamana ya deni ndiyo wengi huisahau kabisa: mtu aliyeweka saini yake, au nyumba yake nyingine, ili benki ikubali kukopesha, amebeba hatari hata kama hakutoa fedha yoyote, na hatari hiyo hupungua kadiri mkopo unavyolipwa, kisha huisha siku deni linapoisha.

Kama ningeanza upya, ningefanya hivi. Sehemu za umiliki zingefuata mtaji peke yake: aliyetoa 30 kati ya 40 angekuwa na asilimia 75, na aliyetoa 10 angekuwa na asilimia 25. Msimamizi, awe mmoja wetu au mtu wa nje, angelipwa asilimia fulani ya pango kabla ya faida kugawanywa, na asilimia hiyo ingehesabiwa kutokana na pango lililokusanywa, wala si lile linalodaiwa, kwa sababu msimamizi anayelipwa kwa madai hana haraka ya kumfuata mpangaji. Matengenezo makubwa, yale yanayozidi kiwango tulichokubaliana, yangekuwa na ujira wake wa kuyasimamia. Na kama mmoja ameweka dhamana ambayo mwingine hakuweka, angepata malipo madogo ya kila mwaka yanayohesabiwa kwa deni lililobaki, ili yapungue lenyewe linapopungua.

Msidhani kwamba mkinyamaza sheria itawatendea kama moyo wenu unavyotarajia. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo nchi nyingi zilirithi misingi yake, inasema kwamba pasipo makubaliano mengine wabia hugawana mtaji na faida sawasawa, na kwamba mbia hana haki ya kulipwa ujira kwa kazi anayoifanya katika shughuli ya ubia. Sheria ya mfano ya ubia iliyotungwa Marekani mwaka 1914 ilichukua msimamo uleule kuhusu ujira. Maana yake ni kwamba ile miezi minne niliyoshinda na mafundi wa mabomba, mbele ya sheria za namna hiyo, ingehesabiwa kuwa bure, na ile robo tatu ya mwenzangu ingeweza kuhesabiwa kuwa nusu. Sote wawili tungepoteza, kila mmoja kwa upande wake.

Nitajibu maswali kadiri nitakavyoweza.

#2 Mchangiaji

Asante kwa kuandika kwa moyo mweupe. Swali langu linatangulia hayo yote. Mimi na mwenzangu tumeona nyumba ambayo pango lake la mwaka ni asilimia 12 ya bei, na benki inakopesha kwa riba ya asilimia 10. Tunaona kuna asilimia mbili za kubaki mfukoni. Je, hesabu hiyo ni sahihi?

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hesabu hiyo ndiyo iliyotuponza hata sisi, kwa hiyo naomba tuipige pamoja polepole.

Chukua bei ya nyumba kuwa 100. Mnatoa 40 zenu, mnakopa 60 kwa riba ya asilimia 10, mrejeshe kwa miaka 15 kwa marejesho yaliyo sawa kila mwaka. Rejesho la mwaka si 6, maana 6 ni riba tu ya mwaka wa kwanza. Ukijumlisha na sehemu ya deni lenyewe linakuwa takriban 7.9. Sasa angalia pango. Likiwa 12 kwa mwaka, na nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja kati ya mpangaji mmoja na mwingine, mnapokea 11. Ujira wa msimamizi ukiwa asilimia 10 ya kilichokusanywa ni 1.1. Bima, kodi za serikali za jengo, matengenezo ya kawaida na akiba ya matengenezo makubwa, tuseme 2.2. Kinachobaki ni 7.7, na benki inangoja 7.9. Kwa hiyo nyumba ambayo kwenye karatasi ilikuwa na ziada ya asilimia mbili inawadai 0.2 kila mwaka kutoka mifukoni mwenu.

Sisemi kwamba hiyo ni hasara tupu. Katika rejesho la mwaka wa kwanza takriban 1.9 imepunguza deni, na deni linapopungua thamani yenu ndani ya nyumba inaongezeka. Lakini ongezeko hilo halilipi fundi. Mkikopa 50 badala ya 60, rejesho linashuka hadi karibu 6.6 na mnabakiwa na 1.1. Kinyume chake, mkibaki na mkopo wa 60 na riba ikapanda hadi asilimia 12 tangu mwanzo wa mkopo, rejesho linafika karibu 8.8, na pengo lenu ni 1.1 kila mwaka. Kama mkopo wenu ni wa riba inayobadilika, fanyeni hesabu hiyo ya pili kabla ya ile ya kwanza.

Na hapa ndipo ubia unapojaribiwa, kwa sababu pengo likitokea lazima mtu alizibe. Mwenye asilimia 75 anapaswa kutoa robo tatu yake na mwenye asilimia 25 robo yake. Je, mmoja wenu akikosa? Andikeni mapema kwamba atakayeziba sehemu ya mwenzake atahesabiwa kuwa amemkopesha kwa riba mnayoikubali, na kwamba deni hilo litalipwa kwanza kutoka faida zijazo za mdaiwa. Hiyo sheria ya mwaka 1890 niliyoitaja inampa mbia aliyetoa zaidi ya mtaji uliokubaliwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka pale ambapo hakuna makubaliano, na kila aliyewahi kukopa anaweza kujijibu kama kiwango hicho kinamtosha mkopeshaji. Njia nyingine ni kumwongezea sehemu ya umiliki, lakini binafsi siipendi, kwa sababu mbia mwenye fedha nyingi anaweza kumla mwenzake taratibu, mwaka mmoja mgumu baada ya mwingine.

#4 Mchangiaji

Nakuheshimu, mkuu, lakini sikubaliani na roho ya uzi huu. Mimi na kaka yangu tunamiliki nyumba mbili za kupangisha kwa miaka kumi na minne, hatujawahi kuandika hata mstari mmoja, na hatujawahi kugombana. Mtu anayeniletea kurasa ishirini za masharti kabla hatujaanza ananiambia kwamba tayari amenishuku. Uaminifu ukiwepo karatasi haina kazi, na uaminifu usipokuwepo karatasi haitausaidia.

#5 Mwanzisha uzi

Kaka, nafurahi kusikia habari za wewe na kaka yako, na sina shaka kwamba mnaaminiana. Ila naomba utafakari kwamba siku moja nyumba hizo zitakuwa mikononi mwa watu ambao hawakuwepo mlipopatana. Mmoja wenu atatangulia. Atakayeketi na aliyebaki atakuwa mjane au mgane, watoto, au msimamizi wa mirathi ambaye kisheria anawajibika kudai kila kinachowahusu warithi, hata kama yeye binafsi angependa kuachia. Huyo hana kumbukumbu ya mliyoyasema. Atauliza tu: yameandikwa wapi? Uaminifu baina yenu wawili ni mali kubwa, lakini haurithiwi.

Jambo la kwanza la kuangalia, hata leo hii, ni namna majina yenu yalivyoandikwa kwenye hati. Katika nchi nyingi zinazofuata misingi ya sheria ya Kiingereza kuna namna mbili za kumiliki kwa pamoja, na tofauti yake ni kubwa. Katika namna ya kwanza wamiliki huhesabiwa kuwa kitu kimoja kisichogawanyika, na mmoja akifa sehemu yake haiingii kwenye mirathi. Inabaki kwa aliye hai. Katika namna ya pili kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, linaloweza kuwa nusu, robo au vyovyote, na akifa fungu hilo huenda kwa warithi wake. Namna ya kwanza huwafaa wanandoa wengi. Kwa wabia wa biashara wenye familia tofauti inaweza kuwa msiba juu ya msiba, kwa sababu watoto wa aliyekufa wanaweza kuamka siku ya pili ya maziko na kukuta kwamba nyumba aliyoihangaikia baba yao kwa miaka mingi si yao hata kidogo. Nimekutana na watu waliomiliki kwa namna hiyo bila kujua, kwa kuwa tu fomu ilijazwa haraka.

Nchi nyingine zina njia nyingine. Ufaransa, kwa mfano, kifungu cha 815 cha Sheria ya Madai kinasema kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kubaki katika umiliki wa pamoja usiogawanywa, na mgawanyo unaweza kudaiwa wakati wowote, isipokuwa pale ambapo hukumu au makubaliano yameuahirisha. Wamiliki wanaweza kuandikiana mkataba wa kubaki pamoja, lakini ukiwa wa muda maalumu hauwezi kuzidi miaka 5, ingawa unaweza kuhuishwa. Nimeutaja mfano huo kwa sababu unaonyesha waziwazi kile ambacho hata mifumo mingine huishia nacho: pasipo maandishi, mmoja akitaka kutoka anaweza kwenda mahakamani, na nyumba isiyoweza kukatwa vipande mara nyingi huishia kuuzwa.

Kuhusu kurasa ishirini, niko pamoja nawe. Kurasa tano zilizoandikwa na ninyi wenyewe kwa lugha mnayoielewa, kisha zikapitiwa na wakili, zinatosha wabia wengi.

#6 Mchangiaji

Mimi ni mhasibu, na katika kazi yangu nimepitia vitabu vya wabia wengi wa nyumba, kwa hiyo naomba niongeze neno moja juu ya daftari, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ugomvi mwingi niliouona haukuwa na wizi ndani yake. Msimamizi hupokea pango kwenye akaunti yake binafsi, hulipa fundi kutoka mfuko uleule anaolipia ada ya shule, na baada ya miaka miwili hata yeye mwenyewe hawezi kutenganisha. Nyumba iwe na akaunti yake ya benki. Pango lote liingie humo, hata la mpangaji anayependa kulipa taslimu, na malipo yote yatoke humo. Kwa matumizi madogo msimamizi aweze kutoa peke yake hadi kiwango fulani, na juu ya hapo zihitajike saini mbili.

Amana ya mpangaji si mapato. Ni fedha yake mliyoishika, na siku akihama bila uharibifu anairudishiwa yote. Nimeona wabia waliogawana amana za wapangaji wanane kama faida ya mwaka wa kwanza, kisha wapangaji watatu wakahama mwezi mmoja na fedha ya kuwarudishia haikuwepo.

Jambo la mwisho ni mpangilio wa kutoa fedha kwenye akaunti: kwanza gharama za kuendesha jengo, pili rejesho la benki, tatu akiba ya matengenezo, nne madeni baina ya wabia kama yapo, na ndipo faida igawanywe. Akiba itengwe hata mwezi ambao kila kitu ni kizima, kwa sababu paa na mabomba huchakaa kila siku ingawa huharibika siku moja.

#7 Mwanzisha uzi

Mhasibu, ubarikiwe. Laiti tungekuwa na akaunti ya akiba ya namna hiyo mwaka wa tano. Mabomba yale tuliyalipia kwa kukopa.

#8 Mchangiaji

Naomba kuuliza: je, ni bora majina yetu yote mawili yaandikwe kwenye hati, au tuunde kampuni na nyumba iwe mali ya kampuni?

#9 Mwanzisha uzi

Jibu kamili litatoka kwa wakili na mshauri wa kodi wa nchi yako, lakini nitakueleza mambo ya kupima.

Kumiliki nyumba kwa majina mawili peke yake si lazima kuwe ubia mbele ya sheria. Ile sheria ya mwaka 1890 inasema wazi kwamba umiliki wa pamoja peke yake, hata wamiliki wakigawana mapato yake, hauundi ubia. Lakini mkianza kununua, kukarabati na kupangisha kama biashara mnayoiendesha pamoja, mnaweza kuhesabiwa kuwa wabia hata kama hamkuandika neno hilo popote. Hapo kila mmoja anaweza kumfunga mwenzake kwa ahadi anazotoa kwa niaba ya biashara, na anayewadai anaweza kudai kwa yeyote kati yenu, si nusu tu.

Kampuni inatenganisha. Nyumba ni mali ya kampuni, ninyi mna hisa, na mmoja akitoka au akifa hisa zinahamishwa wakati hati ya nyumba inabaki palepale. Madeni ya kampuni kwa kawaida hayafuati mali zenu binafsi. Nasema kwa kawaida, kwa sababu benki inayokopesha kampuni ndogo mara nyingi hudai wakurugenzi waweke dhamana zao binafsi, na hapo ule ukuta unakuwa na mlango. Aidha kampuni ina gharama za hesabu na taarifa za kila mwaka, na katika nchi nyingi faida hutozwa kodi mara mbili, kwanza ndani ya kampuni na tena inapogawiwa wenye hisa. Kwa nyumba moja ndogo gharama hizo zinaweza kumeza faida yote. Kwa majengo kadhaa, au wabia wanaozidi wawili, mimi ningechagua kampuni.

#10 Mchangiaji

Mwenzangu anataka kuuza sasa. Mimi sitaki, kwa kuwa deni limebaki dogo na wapangaji ni wazuri. Sina fedha za kumlipa sehemu yake yote kwa mara moja. Hatukuandika chochote kuhusu kutoka. Ningefanya nini?

#11 Mwanzisha uzi

Pole, dada. Hali yako ndiyo ilikuwa yangu, isipokuwa mimi ndiye niliyetaka kutoka.

Anzeni na bei, kwa sababu mkikubaliana jinsi ya kuipata mengine hupungua ukali. Kila mmoja achague mthamini aliyesajiliwa, na thamani ichukuliwe katikati ya taarifa mbili. Kama zinapishana sana, wathamini hao wawili wamchague wa tatu. Kisha hesabu iwe ya jengo zima. Tuseme thamani ni 130 na deni lililobaki ni 40: kinachobaki ni 90, na sehemu ya asilimia 25 ni 22.5. Nasisitiza jengo zima, kwa sababu mnunuzi wa nje hawezi kukupa 22.5 kwa robo ya nyumba asiyoweza kuiamulia chochote peke yake. Atatoa pungufu, na mbia mwenye ujanja anaweza kukutajia bei hiyo ya nje kana kwamba ndiyo haki. Ndiyo maana ni vizuri mwenzako akupe wewe nafasi ya kwanza ya kununua: yeye anapata bei kamili, nawe unaepuka kuletewa mbia usiyemjua.

Kama huna fedha zote, omba ulipe kwa awamu, miaka mitatu au mitano, kwa riba, huku sehemu yake ikibaki kuwa dhamana hadi awamu ya mwisho. Mwenzako anaweza kukubali akiona kwamba njia nyingine ni kesi ya muda mrefu na mauzo ya haraka yasiyoleta bei nzuri.

Watu watakushauri njia ya kutaja bei: mmoja anataja bei ya sehemu, na mwingine anachagua kama atanunua au atauza kwa bei hiyohiyo. Inaonekana ya haki kabisa, kwa sababu anayetaja hajui atakuwa upande upi. Lakini inahitaji wote wawili muwe na uwezo wa kununua. Mwenzako akijua kwamba huna fedha, anaweza kutaja bei ya chini akiwa na hakika kwamba utalazimika kuuza. Wewe umesema huna, kwa hiyo usiikubali njia hiyo, angalau si bila muda wa miezi kadhaa wa kutafuta mkopo.

Na tafadhali usiisahau benki. Makubaliano yenu wawili hayaifungi. Mimi niliuza sehemu yangu, nikalipwa, nikadhani nimemaliza, kumbe jina langu lilibaki kwenye mkopo kwa miezi kumi na mmoja baadaye, na nilipoomba mkopo wangu mwingine niliambiwa kwamba bado nadaiwa jengo ambalo si langu tena. Benki ilitaka kwanza ihakikishe kwamba mwenzangu anaweza kulibeba deni peke yake. Siku ya malipo na siku ya kutolewa kwenye mkopo ziwe moja, na kama haiwezekani, sehemu ya malipo ishikwe na wakili hadi barua ya benki itoke. Wewe unayebaki pia inakuhusu, kwa sababu benki ikikataa kukuachia deni peke yako mpango wote utarudi mwanzo. Nenda ukawaulize kabla hujaahidi chochote.

#12 Mchangiaji

Nimesoma uzi wote usiku huu na nimekosa usingizi. Tunaweka saini Ijumaa. Mimi natoa asilimia 20 ya fedha na nitasimamia nyumba, mwenzangu anatoa asilimia 80, na tumeandikiana nusu kwa nusu. Muuzaji hataki kusogeza tarehe. Je, nimwambie nini mwenzangu katika siku nne?

#13 Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, usimpelekee masharti. Mwulize maswali matatu, na kila mmoja aandike majibu yake peke yake kabla hamjasomeana. Swali la kwanza: nikiacha kusimamia baada ya mwaka mmoja, sehemu yangu ibaki ngapi? La pili: nyumba ikikaa tupu miezi mitatu na benki ikadai, nani atatoa kiasi gani? La tatu: mmoja wetu akitaka kutoka, bei itapatikanaje na atalipwa kwa muda gani? Majibu yenu yakifanana, andikeni ukurasa mmoja, wekeni saini mbele ya mashahidi, na wakili auboreshe baadaye. Yakitofautiana, muuzaji atasubiri au atamtafuta mnunuzi mwingine.

#14 Mchangiaji

Tumefanya hivyo jana jioni. Majibu ya swali la pili yalifanana. Katika swali la kwanza mimi niliandika kwamba ningebaki na nusu, yeye akaandika asilimia 20. Tulitazamana kwa muda mrefu bila kusema. Baadaye alisema kwamba hakuwahi kufikiria kuwa ningeweza kuacha, nami nikamwambia kwamba sikuwahi kufikiria kuwa angeihesabu. Tumemwomba muuzaji wiki mbili, na amekubali baada ya kuongezewa amana. Leo tunaanza kujadili ujira wa usimamizi. Nitarudi hapa kueleza tulipofikia.

#15 Mwanzisha uzi

Nitasubiri. Mkifika kwenye asilimia ya ujira, ulizeni wasimamizi wawili au watatu wa nje wangewatoza ngapi kwa nyumba hiyohiyo, kisha muanzie hapo. Itawaondolea ninyi wawili mzigo wa kupanga bei ya jasho la rafiki.